Nyota Zilipukazo Mbali, na Jinsi Watu Wanavyozivizia

Mtu akitoka Rusimbi usiku wa giza, mwezi ukiwa haujapanda, akateremka mpaka ufukoni, ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda juu ya maji mfano wa mji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Tuseme kwamba taa zote ni za aina moja na nguvu moja. Iliyo karibu hung'aa sana, na iliyo mbali, kuelekea ng'ambo ya Kongo, huonekana kama cheche. Mtoto aliyelelewa kando ya ziwa hana haja ya kufundishwa kwamba ile cheche si taa dhaifu, bali ni taa iliyo mbali. Naye akizoea, aweza kukisia umbali wake kwa kutazama tu wingi wa nuru yake. Nawaombeni mliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji mbele.

Nyota zote tuzionazo kwa macho matupu, pamoja na jua letu, ni za jamaa moja. Ule ukanda mweupe uvukao mbingu usiku ni wingi wa nyota za jamaa hiyo hiyo, zilizo mbali hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Jamaa kama hiyo wataalamu huiita galaksi. Galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100, wala si ya pekee. Nje yake zimo nyingine zisizohesabika. Umbali wa huko hauwezi kupimwa kwa kilometa, maana tarakimu zingejaza ukurasa. Kwa hiyo hupimwa kwa mwendo wa nuru. Nuru huenda kilometa 300,000 katika sekunde moja. Na mahali inapofika ikisafiri mwaka mzima bila kupumzika ndipo umbali uitwao mwaka wa nuru. Galaksi kubwa iliyo jirani yetu, iitwayo Andromeda, i mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni mbili na nusu. Mwezi wa Oktoba, karibu saa sita ya usiku, huonekana kutoka Kigoma upande wa kaskazini, kama doa dogo la moshi.

Katika doa hilo, mwezi wa Agosti mwaka 1885, ilionekana nyota ambayo haikuwako. Baada ya miezi michache ikafifia. Wataalamu wa wakati ule hawakushtuka sana, kwa sababu wengi walidhani Andromeda ni wingu tu lililomo ndani ya jamaa yetu ya nyota. Ilikuwa mpaka miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble wa Marekani alipothibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali kabisa. Hapo hesabu ya ile nyota ya 1885 ikageuka. Ikiwa taa iliyo mbali kiasi hicho ilitoa peke yake karibu sehemu ya kumi ya nuru ya galaksi nzima iliyoizunguka, basi ile haikuwa taa. Ulikuwa moto wa namna nyingine. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky waliandika kwamba nyota za aina hii zapaswa kutengwa na nyota mpya za kawaida, wakazipa jina ambalo kwa matamshi yetu ni supanova. Si nyota iliyozaliwa. Ni nyota inayokufa.

Nayo hufaje? Nyota kubwa, yenye uzito wa kupita jua mara nane au zaidi, huishi kwa kuunguza ndani yake hidrojeni, ikaigeuza kuwa heliamu; kisha huunguza heliamu, na majivu ya moto mmoja huwa kuni za moto ufuatao, mpaka moyoni mwake hujaa chuma. Mhunzi ajua kwamba chuma hupokea moto wala hakitoi moto. Ndivyo ilivyo huko. Chuma hakina joto la kutoa, na joto likikoma hakuna cha kuuzuia uzito wa nyota usijiangukie wenyewe. Moyo mpana kama dunia yetu huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu za nje hurushwa angani kwa kishindo. Katika mavumbi hayo yaliyorushwa zamani sana, kabla jua letu halijakuwako, ndimo kilimotoka chuma kingi kilichomo katika ndoana za wavuvi wetu, na kile kinachoifanya damu yetu kuwa nyekundu.

Sasa twaja kwenye kazi ya kuvizia. Katika galaksi kubwa supanova hutokea kwa makisio mara mbili hivi katika miaka 100. Mtu akichagua galaksi moja akaikodolea macho maisha yake yote, aweza kufa asione kitu. Lakini wanafunzi na wafanye hesabu: akizitazama galaksi 50, atarajie moja kila mwaka, mawingu yakimruhusu. Zwicky aliifanya kazi hiyo kwa kupiga picha za anga huko Palomar, Marekani, kuanzia mwaka 1936, akagundua zaidi ya 100.

Mwingine aliifanya kwa njia iliyonipendeza zaidi, kwa kuwa haikuhitaji fedha nyingi. Alikuwa Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko New South Wales, Australia. Darubini yake ya kwanza katika kazi hii ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 25 tu. Jioni akishamaliza shughuli zake za uchungaji, aliitoa nje na kuielekeza kwenye galaksi, moja baada ya moja. Hakupiga picha. Aliitazama kila galaksi kwa muda mfupi, akailinganisha na sura yake aliyoihifadhi kichwani, akaenda kwenye nyingine. Sura za galaksi kwa mamia alizijua hivyo. Wenzangu tulio walimu hatutaona ajabu kubwa: mwalimu akiingia darasani mwenye wanafunzi 40 awajuao, mgeni aliyeketi dawati la nyuma humwona mara moja, hata kabla ya kuwahesabu. Evans aliyajua madarasa ya mbinguni namna hiyo. Mwaka 1981 alizipata supanova zake za kwanza, na mpaka alipofariki mwaka 2022 alikuwa amegundua zaidi ya 40 kwa jicho lake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyefikia idadi hiyo kwa kutazama tu.

Lakini kumwona mgeni si mwisho wa kazi. Yawezekana kwamba ile nuru ni nyota ya jamaa yetu iliyo mbele ya galaksi, mfano wa mtumbwi ulio karibu unaoonekana kana kwamba umegusana na meli iliyo mbali. Yawezekana pia kuwa ni jiwe mojawapo kati ya yale yazungukayo jua. Basi mtazamaji humngoja saa moja au mbili, kwa maana jiwe litasogea na supanova haisogei. Akishatosheka, huomba mtu mwingine, mwenye darubini nyingine mahali pengine, atazame naye. Ushahidi wa jicho moja haupokelewi. Ndipo habari hupelekwa kwa ofisi ya kimataifa ya wataalamu wa nyota, na supanova hupewa jina la mwaka wake na herufi. Kwa mfano, tarehe 19 Mei 2023 Mjapani Koichi Itagaki, ambaye si mwajiriwa wa chuo chochote cha nyota, aliiona moja katika galaksi iitwayo M101, yenye umbali wa miaka ya nuru kama milioni 21. Ikaitwa SN 2023ixf.

Mimi hufundisha watakaokuwa walimu, nami huwauliza kila mwaka: mahali petu pana faida gani kwa mtu atazamaye mbingu? Wengi hujibu kwamba hapana faida, kwa kuwa vyombo vikubwa viko Ulaya na Marekani. Jibu hilo si kweli, na mwaka 1987 ni shahidi.

Kusini mwa mbingu kuna mawingu mawili ya nuru ambayo mtu aliyeko London au Berlin hawezi kuyaona hata usiku mmoja wa maisha yake, kwa kuwa mviringo wa dunia humziba. Ni galaksi ndogo mbili, majirani wa yetu. Lililo kubwa laitwa Wingu Kubwa la Magellan, umbali wake kama miaka ya nuru 160,000. Usiku wa tarehe 24 Februari 1987, huko Las Campanas katika nchi ya Chile, kijana mmoja, Ian Shelton, alikuwa akilipiga picha wingu hilo. Alipoisafisha picha akaona nyota ng'avu ambayo haikupasa kuwapo. Akatoka nje kutazama kwa macho yake, ilikuwako. Na usiku ule ule Oscar Duhalde, mtumishi wa darubini nyingine mlimani pale pale, alikuwa amekwisha kuiona alipotoka nje kidogo, bila chombo chochote. Alilijua wingu lile, kwa hiyo alijua kwamba limebadilika. Hii ilikuwa supanova ya kwanza kuonekana waziwazi kwa macho matupu tangu ile ya mwaka 1604 iliyochunguzwa na Johannes Kepler. Mwezi wa Mei ilifikia ung'avu wake mkubwa, karibu sawa na ile iliyo hafifu kati ya nyota nne kuu za Msalaba wa Kusini.

Kutoka Kigoma, iliyo kama digrii tano kusini mwa mstari wa ikweta, wingu hilo hupanda digrii 25 hivi juu ya upeo wa kusini, yaani urefu wa ngumi mbili na nusu mkono ukiwa umenyooshwa. Basi wataalamu wengi wa Ulaya walisoma habari za nyota ile magazetini, hali mvuvi wa Ujiji aliweza kuiona kwa kuinua kichwa tu, mvua za msimu zilipompa nafasi.

Tena kuna jambo lililotangulia nuru yenyewe. Nyota iangukapo ndani yake hutoa vitu vidogo mno viitwavyo nutrino, ambavyo hupenya hata mwamba kama nuru ipenyavyo kioo. Siku ya Jumatatu, tarehe 23 Februari, kama saa nne u nusu asubuhi kwa saa zetu, mitambo iliyochimbiwa ardhini huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa 24 tu kati yake. Zilizosalia, mabilioni kwa mabilioni, zilipita katika dunia nzima, na katika mwili wa kila aliyekuwa sokoni asubuhi ile, bila kumdhuru. Zilikuwa zimesafiri muda wa miaka 160,000. Kwa sababu hiyo, wanaosema kuwa nyota mpya ni ishara ya msiba wa mfalme au ya vita wafikiri tena: tukio lenyewe lilikwisha kabla ya wafalme kuwako.

Sasa tuzirudie zile taa za ziwani. Ipo aina ya pili ya supanova, itokanayo na nyota ndogo iliyozimika ambayo huiba vitu vya mwenzake mpaka ikazidiwa. Hizi hulipuka karibu kwa nguvu moja, au tofauti zake zaweza kusahihishwa kwa hesabu. Basi ni kama karabai za kiwanda kimoja. Iliyo hafifu i mbali, na ukomo wa umbali wake wapimika. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, yaliyozipima karabai hizo katika galaksi za mbali sana, yalikuta ni hafifu kuliko walivyotazamia. Maana yake ni kwamba galaksi zazidi kutengana, na mwendo wa kutengana kwao waongezeka badala ya kupungua. Kwa kazi hiyo Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachozisukuma hakijajulikana mpaka leo.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, Kenya, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo mbinguni peke yake. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kiliitwa Uhuru. Kilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na katika orodha yake ya vyanzo 339 yamo mabaki ya supanova za kale, ambayo bado ni moto baada ya mamia ya miaka.

Siku hizi mitambo hupiga picha za anga zima kila usiku safi, na supanova huhesabiwa kwa maelfu kila mwaka. Hata hivyo zilizo karibu na ng'avu bado hugunduliwa mara nyingine na watu wa nyumbani kama Itagaki.

Kwa atakaye kuanza, mwezi wa Juni wafaa, mvua zikiwa zimekoma. Chagua juma la giza, mwezi ukiwa hauonekani jioni. Saa tatu ya usiku elekea kusini, utazame juu, kama ngumi sita na nusu kutoka upeo. Hapo ipo galaksi M83, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 15. Kwa darubini ndogo ya macho mawili ni doa hafifu; kuitambua supanova ndani yake huhitaji kioo cha sentimita 15 au 20, ambacho shule kadhaa zaweza kununua kwa shirika. Kati ya mwaka 1923 na 1983 zilionekana humo sita, na ya sita aliigundua Mchungaji Evans. Chora kwa penseli nyota zote uzionazo kulizunguka doa, kila moja mahali pake, uandike tarehe na saa. Usiku wa pili ichukue karatasi ile ile, uanze kulinganisha.