Si jirani aliyeua mbwa wako

Kwetu Karuba mbwa analinda nyumba na ng'ombe, na chakula chake ni mabaki ya sufuria. Akifa, watu wanasema upesi: "Ni jirani amemupa sumu." Kabla ya kumshitaki mtu, uliza kwanza mbwa alikula nini wiki hii.

Kitunguu, kikiwa kibichi au kimepikwa ndani ya sombe, kinaharibu damu ya mbwa. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 zaweza kutosha: ndicho kitunguu kimoja kikubwa tu! Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Tena ubaya wake hauonekani siku ile ile. Zinapita siku mbili, tatu, hata tano, ndipo ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka mwekundu, mbwa anahema na kulala tu. Nani atakumbuka ule mchuzi? Basi jirani anabeba lawama.

Sukari ya kawaida si sumu kwake. Lakini wewe kijana unayerudi toka machimbo ya Rubaya na bomboni za kutafuna mfukoni, soma karatasi yake. Ukiona "sans sucre", na xylitol ao E967, usimwachie. Kwako ni utamu tu. Kwake sukari ya damu inashuka, pengine kwa nusu saa, anayumba na kuanguka, na maini yaweza kuharibika. Kama angali anameza, mpake asali kwenye ufizi, halafu mkimbize kwa muganga wa mifugo.

Mama, bugali na viazi vitupu havina neno, mpe. Mchuzi wa vitunguu uliobaki, ufukie.