Jina la Mungu Juu ya Fedha

Mnunuzi wa dhahabu wa Nyamongo, mkoani Mara, hahitaji maabara ili ajue kama kipande alicholetewa ni safi. Hukipima kikavu, kisha hukipima kikiwa kimezama majini, na tofauti ya uzito humpa jibu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3; ya fedha haizidi gramu 10.5. Na fedha karibu daima huwemo, kwani dhahabu ya asili, iwe ya Mara au ya kwingineko, kwa kawaida hutoka ardhini ikiwa imechanganyika nayo.

Sarafu za kale nazo zilikuwa na shaka hiyohiyo. Warumi walianza kugonga denari ya fedha yapata mwaka 211 KK. Upande mmoja aliwekwa Roma, mungu wa kike mwenye kofia ya vita. Upande wa pili, miungu mapacha Castor na Pollux wakiwa juu ya farasi. Karakana ya kugongea sarafu hizo ilikuwa jirani na hekalu la Juno Moneta. Mwaka 64 BK Kaisari Nero alipunguza fedha akaongeza shaba, na waliomfuata wakaendelea. Kufikia miaka ya 260, enzi ya Kaisari Gallienus, sarafu kuu ya dola ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Miungu bado ilikuwa upande wa nyuma.

Pemba walichagua maneno badala ya sura.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, iliibuka hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za nasaba ya Wafatimiya. Ni mali ya karne ya 11. Sarafu za fedha zina maandishi ya Kiarabu: huku jina la mtawala, kama Ali bin al-Hasan, kule tamko kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinakubaliana kwa vina. Dua na ushairi juu ya kipande kinachoenea kwenye ncha ya kidole! Kilwa iliendeleza desturi hiyo kwa shaba.

Leo mionzi ya eksirei hutambua madini ya sarafu bila kuikwaruza. Lakini husoma ngozi ya juu tu, na udongo hula shaba ya juu kwanza, hivyo sarafu iliyozikwa huonekana na fedha nyingi kuliko iliyonayo.

Anayeokota sarafu ya kale asiiyeyushe wala asiisugue kwa tindikali. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Aipeleke makumbusho.