Sogea, Nami Nikae

Njooni, wanangu, kaeni. Wewe mwenye mkoba wa skuli, sogea kidogo mwenzio apate nafasi. Naam, hivyo hivyo.

Jana mmeniuliza swali nikalala nalo. "Ami, utawala bora ni kitu gani? Mwalimu kasema tuandike, na sisi hatujui tuandike nini." Mtoto anayesema hajui mbele ya wenzake nampa kashata. Haya, pokeeni, moja moja, msigombane.

Lakini swali lenyewe silijibu mimi. Atalijibu huyu mliyemkalia.

"Nani, Ami? Hapa hapana mtu. Tumekalia baraza!"

Basi nyamazeni mlisikilize.

"Assalaam alaykum, watoto," likasema baraza. Sauti yake nzito, imejaa chokaa. "Mimi ni baraza la Mji Mkongwe. Nimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Sina miguu. Sina hata mgongo. Ukitaka kuegemea, egemea ukuta wa mwenye nyumba. Mvua ya masika ikijaza maji kichochoroni, watu hunipanda wakapita juu yangu wasilowe. Jioni hunikalia. Hunywa kahawa, hucheza bao na dhumna. Nimekaliwa na hamali wa bandarini, na kadhi, na muuza urojo, na waziri. Wote nimewapa jiwe lile lile."

"Hata waziri hukumwekea mto?"

"Akitaka mto aje nao," likasema baraza.

"Na anayechelewa? Akikuta watu wamejaa?"

"Ah, swali zuri hilo! Anayechelewa husema neno moja tu. Sogea. Wenzake husogea. Wa mwanzo anamsukuma wa pili, wa pili anamsukuma wa tatu, nafasi ikapatikana. Sogea, nami nikae. Miaka yote hii sijawahi kuwaona watu waliosogea wakakosa pa kukaa."

Baraza likaendelea. "Wazee wenu waliipenda kazi yangu mpaka wakalichukua jina langu. Wale wanaokutana kule Chukwani kutunga sheria, nyumba yao inaitwaje?"

"Baraza la Wawakilishi!"

"Hodari! Lilianza mwaka 1980. Na zamani masultani nao walikuwa na baraza. Watu walikwenda na mashitaka yao. Lakini pale mwenye kukata shauri alikuwa mmoja, na sijasikia hata siku moja mtu akamwambia Sultani: sogea."

Hapo mimi nikacheka, baraza likanyamaza kidogo. Mawe nayo yanapenda kuchekewa.

"Sasa niwahadithie habari ya Maalim," likasema. "Mnamjua?"

"Maalim Seif!"

"Huyo huyo. Seif Sharif Hamad. Alizaliwa Pemba, kule Mtambwe, mwaka 1943. Kwa nini aliitwa Maalim?"

"Alisomesha!"

"Alisomesha skuli kabla hajaingia serikalini. Mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na Rais wake alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Lishikeni jina hilo, tutarudi kwake. Mwaka ule ule Zanzibar ikapata Katiba mpya, ikaandikwa ndani yake kwamba mtu ana haki zake na mahakama izilinde. Katiba mnaijua? Ni kama yale makubaliano ya nyumba yenye familia nyingi na ua mmoja. Nani anafagia lini. Nani ana ufunguo wa kisima. Mwenye ufunguo hawi na ufunguo milele. Rais akichaguliwa mara mbili, miaka mitano na mitano, basi. Anarudisha ufunguo."

"Kisha Maalim akakosana na wakubwa wa chama chake, CCM. Mwaka 1988 akafukuzwa chamani. Mwaka 1989 akatiwa ndani, akatoka 1991. Vyama vingi viliporudi 1992, yeye na wenziwe wakaunda chama cha CUF. Kilio chao kilikuwa maneno manne: haki sawa kwa wote."

"Baraza, haki ndiyo nini?"

"Sikukuu mama akipika pilau, upawa huwa mkononi mwake. Watoto saba, sahani saba. Haki ni kwamba upawa hauulizi sahani ni ya nani. Basi. Mengine waachie mawakili wa Mahakama Kuu. Wao wana maneno marefu."

Baraza likavuta pumzi. Ijapokuwa halina pua.

"Mwaka 1995 watu wa visiwa hivi walipiga kura. Kwa upande mmoja Dk. Salmin Amour wa CCM, kwa upande mwengine Maalim. Tume ya Uchaguzi ikatangaza: Salmin asilimia 50.2, Maalim asilimia 49.8. Mnajua maana yake? Wakusanye watu elfu moja pale Forodhani. Mia tano na mbili wako huku. Mia nne na tisini na nane wako kule. Tofauti ni watu wanne! Watu wanne hawajazi hata nusu yangu. Lakini yule wa 502 akachukua sinia lote, na wale 498 wakaambiwa watazame watu wakila."

"Hiyo si haki!"

"CUF walikwenda mbali zaidi. Walisema hata hesabu yenyewe si sawa. Yakaanza mabaya. Nilisikia kwa masikio yangu: jirani hamzuru jirani mgonjwa, kwa sababu ya chama. Duka hili la CCM, duka lile la CUF. Watu waligawana hata wapi pa kunywa kahawa. Mimi jiwe, nikaona aibu. Na Januari 2001, baada ya uchaguzi mwengine, watu waliandamana, wakapigwa risasi. Wengi zaidi walikufa Pemba. Wengine walipanda vyombo usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya."

Watoto wakanyamaza. Mimi pia. Mambo hayo hatuyapambi, wala hatuyafichi.

"Hawakusema sogea?" akauliza yule mdogo.

"Walijaribu. Mwaka 2001 vyama viwili vikatia saini makubaliano, yakaitwa Muafaka. Utekelezaji ukasuasua. Uchaguzi wa 2005 ukaja, CUF wakakataa kumtambua Rais Amani Abeid Karume. Miaka minne mingine ikapita hivyo."

"Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, likatokea jambo. Maalim Seif alikwenda Ikulu. Akakaa na Karume. Watu wawili, chumba kimoja."

"Walisema nini?"

"Mimi sikuwamo, na jiwe lisilokuwamo halisemi uongo. Ila najua yaliyofuata. Maalim aliwaambia wafuasi wake kwamba sasa anamtambua Karume kuwa Rais. Wengi walinung'unika, wakapiga kelele. Fikirini. Kumwambia adui yako sogea ni kazi. Kumwambia rafiki yako asogee ampishe adui ni kazi zaidi. Na Karume naye alikuwa na wake waliokunja uso. Wale wawili walivumilia kelele za nyumbani kwao wenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo uongozi. Kushangiliwa hata mchekeshaji hushangiliwa."

Baraza lina maneno, wanangu. Lakini hapo nakubaliana nalo.

"Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni: mnataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa? Asilimia 66.4 wakajibu ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Chama kinachoshinda kinatoa Rais, na Makamu wa Pili. Chama kinachofuata kinatoa Makamu wa Kwanza. Na mawaziri wanagawanywa. Kwa ufupi?"

"Sogea, nami nikae!"

"Mashallah! Mwalimu wenu atafurahi. Oktoba ile wakapiga kura. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim 49.1. Karibu sawa na 1995. Lakini safari hii Maalim aliyakubali matokeo mbele ya watu wote, akampongeza mwenziwe. Karume akarudisha ufunguo, miaka yake kumi imekwisha. Makamu wa Kwanza akawa Seif Sharif Hamad, Makamu wa Pili akawa Balozi Seif Ali Iddi. Ukiita 'Seif!' ofisini, wanageuka wawili. Na nyinyi mngeona vichochoro! Watu wa vyama viwili wakarudi kunikalia pamoja. Nilikaliwa mpaka nikachoka."

"Wakaishi raha mustarehe?"

"Hiyo ni ngano ya paukwa pakawa. Hii si ngano. Oktoba 2015 walipiga kura tena. Kabla hesabu haijamalizika kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote, tarehe 28. Yeye alisema uliharibika. CUF wakasema wameshinda wao. Ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusa, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu miaka yote iliyofuata hadi 2020."

"Sasa baraza," akasema yule mwenye mkoba, na swali lake lilinifanya niweke kikombe chini, "kama watu wanajua kusogea, kwa nini wamegombana tena?"

Baraza halikujibu mara moja.

"Kwa sababu mimi kazi yangu ni kukalisha watu. Kuhesabu si kazi yangu. Mmeona wanaocheza bao juu yangu? Kete ni 64. Zinahesabiwa mchana, mbele ya macho ya wote, na watazamaji wanajua kuliko wachezaji. Akifungwa mtu, anafungwa huku anaona. Anakasirika, anaomba mchezo mwengine, anakunywa kahawa. Lakini mtu akizikusanya kete katikati ya mchezo akazitia mfukoni, aliyenyang'anywa mchezo, hata umpishe vipi, hata umpe nusu ya baraza, hawezi kukaa akatulia. Mnanifahamu? Kusogezana ni kuzuri. Lakini kusogezana hakulipi hesabu iliyopotea. Kwanza kete zihesabiwe. Kisha ndipo tusogezane."

"Kwa hiyo utawala bora ni viwili, kuhesabu na kusogea?"

"Andika hivyo. Mwalimu akikukosoa, mlete hapa nizungumze naye."

Nikalikumbusha baraza kwamba tulisema tutarudi kwenye lile jina.

"Naam. Oktoba 2020 kulikuwa na uchaguzi mwengine, na machungu yake. Maalim alikuwa ameshahamia chama cha ACT-Wazalendo. Rais akatangazwa Dk. Hussein Ali Mwinyi, mtoto wa yule Mwinyi wa 1984. Chama cha Maalim kiliyakataa matokeo. Wengi wakasema safari hii asiingie serikalini, mara hii imetosha. Lakini Desemba ile Maalim akala kiapo, akawa Makamu wa Kwanza tena. Alianza na baba, akamalizia na mwana. Wako waliomlaumu, na sikatai, walikuwa na hoja. Mtu hasogei kila siku yeye tu. Lakini mzee wa miaka 77, aliyewahi kufungwa, alikwenda kukaa kwenye baraza moja na waliomshinda, akijua atasemwa. Februari 17, 2021 akafariki. Akazikwa kwao, Mtambwe."

Baraza likanyamaza. Kwenye msikiti wa karibu wakaanza kuadhini magharibi. Nikawaambia watoto wainuke, mama zao wanawatazamia.

Lakini kabla hamjakwenda, wanangu, nawapa kazi ndogo. Kesho baada ya skuli tafuteni mzee aliyekaa barazani. Muombeni asogee. Kisha mumuulize kwa adabu: mwaka 2010, kwenye kura ya maoni, ulisema ndiyo au hapana? Wakikubali kujibu wazee watatu, huenda wawili wakawa walisema ndiyo na mmoja hapana. Huyo wa hapana msimkimbie. Mwacheni naye amalize maneno yake.