Kapasita ya kauri: usinunue kwa namba peke yake

Leo naacha pamba kidogo, nazungumzia kitu kisichozidi punje ya dengu.

Kijana mmoja hapa Mwamanyili anatotolesha vifaranga kibiashara. Juzi akanipigia: "Afisa, mashine inanipiga shoti nikigusa mlango." Nikamwambia chomoa plagi sasa hivi, mayai tutayajadili baadaye. Nilipofika tukafungua boksi la umeme. Fundi alikuwa amebadilisha kapasita mbili za kauri. Namba zote mbili zilikuwa sahihi, na zote mbili hazikufaa.

Kapasita ya kauri ni ile iliyo kama kidonge bapa chenye miguu miwili. Tarakimu mbili za kwanza zisome kama zilivyo, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu ni pikofaradi. Kwa hiyo 104 ni 10 na sifuri nne: pikofaradi 100,000, yaani nanofaradi 100. Angalia mtego: iliyoandikwa 220 ni pikofaradi 22 tu. Mia mbili na ishirini huandikwa 221.

Baada ya namba kuna herufi, na hapo ndipo wengi tunaporuka. J maana yake inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, K asilimia 10, M asilimia 20. Z ndiyo balaa: inaweza kupungua 20 au kuzidi hadi 80.

Kapasita ya kwanza ilikuwa kwenye saa ya kugeuza trei. Ilitoka 104J, ikawekwa 104Z. Saa iliyopangwa kugeuza kila baada ya saa 2, ikikutana na Z iliyozidi asilimia 80, itageuza baada ya saa 3 na dakika 36. Kijana alishaona mashine "imekuwa mvivu". Sisemi mayai yataharibika kwa hilo tu, maana wapo wanaogeuza kwa mkono mara chache kwa siku na wanapata vifaranga. Ila wewe umelipia mashine ili ikutunzie muda.

Joto nalo lina lake, na mashine ya mayai ya kuku inakaa kwenye nyuzi 37.5 kwa siku 21. Ukiona C0G, au NP0, hiyo karibu haibadiliki na joto. X7R hubadilika kwa asilimia 15 tu, kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125. Y5V inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ndani ya mipaka yake ya joto. Kwa kazi ya kupima muda, Y5V iache dukani.

Sasa ile ya shoti. Kwenye pawasapulai kuna kidonge, mara nyingi cha bluu, kinachounganisha upande wa umeme wa ukutani wa volti 230 na upande wa volti ndogo. Kilichotolewa kiliandikwa 222M na Y1. Fundi akaweka 222 ya kawaida ya 1KV, akaona volti 1,000 zinatosha sana. Hazitoshi! Y1 imejaribiwa kwa msukumo wa ghafla wa volti 8,000, Y2 volti 5,000, na zimetengenezwa zikiharibika zisiunganishe pande mbili. Ya kawaida ikipasuka inaweza kupitisha umeme wa ukutani moja kwa moja, na hii ilishapasuka. Tena plagi haikuwa na waya wa ethi, kwa hiyo bati lote likawa na umeme.

Mashine nzima yenye ethi, hata mnyong'onyeo mdogo usiupuuze. Ukienda dukani chukua kapasita ya zamani mkononi, mwonyeshe muuzaji namba, herufi, volti, na Y kama ipo. Vile vidogo vilivyobandikwa juu ya bodi mara nyingi havina maandishi kabisa; hivyo fundi avitoe kwanza ndipo avipime kwa mita.

Mayai tulihamishia kwa jirani jioni ile ile. Mashine bado imefunguliwa mezani, inasubiri Y1 na waya wa ethi.