Kipushi: Ngozi nyembamba ya povu inayoamua kama zinki itapatikana ao itatupwa

LUBUMBASHI – Katika kiwanda cha Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka muji wa Lubumbashi, zinki inaachana na jiwe kwa kupanda juu ya povu. Povu hiyo inasimama kwa nguvu ya ngozi ya maji iliyo nyembamba kuliko unywele. Ngozi ikipasuka mbele ya wakati, zinki inarudi chini na kuenda pamoja na takataka.

Mine ya Kipushi ilifunguliwa mwaka 1924 wakati wa Union Minière. Ilisimama mwaka 1993, ikiwa ya Gécamines. Mwaka 2024 ilianza tena kutoa zinki, Gécamines ikishirikiana na kampuni Ivanhoe Mines ya Canada.

Kazi inaendaje? Jiwe linasagwa mpaka linakuwa sawa unga wa bukari, kisha linachanganywa na maji. Wanatia dawa inayoshika chembe za zinki na kuzifanya zikimbie maji. Hewa inapulizwa toka chini, na chembe hizo zinajibandika kwenye mapovu na kupanda nayo. Udongo usio na faida unabaki chini.

Kila mutoto aliyepuliza povu ya sabuni ameona siri yake: rangi zinatembea na kuteremka. Ni maji yanayotiririka kati ya tabaka mbili za sabuni. Kule juu ngozi inapunguka mpaka inakuwa nyeusi. Hapo unene wake ni karibu milimita moja iliyogawanywa mara 30.000, na kupasuka kuko karibu.

Lakini sabuni inajitetea. Pahali ngozi inapopunguka, sabuni ya kandokando inavutwa kuja pale na kuleta maji. Dawa ya povu kiwandani inafanya vilevile. Ikiwa kidogo, povu inakufa upesi. Ikizidi, povu inabeba hata udongo.

Kuna ngozi zingine zisizokuwa na maji ndani. Zinatengenezwa na kristali za majimaji, jamaa ya zile za skrini ya telefone. Molekuli zake zinajipanga kwa tabaka na hazikauki upesi, kwa hiyo wanasayansi wanaweza kuchunguza namna zinavyotiririka. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kilipeleka mapovu ya namna hiyo kwenye stesheni ya anga ya kimataifa, kule ambako uzito hauyavuti chini.

Kwetu jambo hili halibaki katika vitabu. Metali ambayo povu inaangusha inaenda kwenye bwawa la takataka, na bwawa linahitaji ulinzi wakati wa mvua na wa vumbi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mukojo wa wakaaji wa Katanga wanaoishi chini ya kilometa 3 na mine ao viwanda vya metali ulikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wanaoishi mbali. Povu inayofanya kazi vizuri inaongeza mali ya kampuni, na inapunguza metali inayobaki karibu na nyumba za watu.