Moto Usioonekana wa Mtagata

Wageni wengi wafikapo Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hutafuta wanyama. Si ajabu, kwani mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi mwaka 2019 yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa sayansi huenda kivutio kikubwa zaidi kiko Mtagata, wilayani Kyerwa, ambako maji hutoka ardhini yakiwa moto katikati ya msitu.

Habari zake ni za kale. Omukama Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, ndiye aliyempokea Stanley mwaka 1876. Stanley alikwenda Mtagata na kipimajoto, akakuta maji yaliyozidi nyuzi 50 za Sentigredi, na wagonjwa waliokuja kuoga.

Joto hilo latoka wapi? Wengi hujibu upesi: volkano. Lakini milima ya Karagwe si volkano. Volkano hai zilizo jirani ni zile za Virunga, ng'ambo ya Rwanda. Miamba ya Karagwe ni mashapo yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1,000, yaliyokunjwa na kugandamizwa hata mchanga ukawa kwarzaiti ngumu. Mawe ya matale yaliyopenya humo yakiwa ya moto ndiyo yaliyoleta bati la Kyerwa, nayo yalikwisha poa zamani mno.

Chanzo kinachoelekea zaidi ni mvua yenyewe. Maji hunywea katika nyufa za vilima na kushuka chini sana, na kwa kawaida joto la ardhi huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilometa. Sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na urani, thori na potasi zinazovunjika polepole ndani ya miamba. Maji ya mvua yenye nyuzi 20 yakihitaji kufika 50, hayana budi kushuka kilometa moja au zaidi. Na kwa kuwa hupoa yakipanda, kina halisi ni kikubwa kuliko hicho. Kisha hupanda kupitia ufa, yakisukumwa na uzito wa maji baridi ya vilimani.

Kuhusu tiba, tahadhari yatakiwa. Maji ya moto hutuliza maumivu ya viungo, lakini si dawa ya kila ugonjwa, na aliyepewa dawa hospitalini asiiache. Mwenye ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza akiingia dimbwi moja na wenzake aweza kuwaachia maradhi. Tena maji ya nyuzi 50 humbabua mtoto kwa dakika chache tu. Kuyanywa kabla ya kupimwa madini yake si busara.

Mwalimu aipelekaye shule yake huko achukue kipimajoto, apime kila chemchemi wakati wa kiangazi, arudie baada ya masika. Joto lisipobadilika, ni dalili kwamba maji yatoka mbali chini; likishuka, mvua mpya imechanganyika nayo karibu na uso wa ardhi.