Puto Linalofungua Njia ya Damu Kifuani

Kusinyaa kwa mishipa mikubwa ya kifuani inayorudisha damu kwenye moyo ni tatizo zito kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Mara nyingi chanzo chake ni mpira uleule uliowekwa kuwaokoa.

Figo zikishindwa ghafla, daktari hupitisha mpira kwenye mshipa wa shingo au wa chini ya mtulinga hadi karibu na moyo. Mpira hukwaruza ukuta wa mshipa, kovu hujengeka, na nafasi ya damu hupungua. Mshipa wa chini ya mtulinga ndio unaoathirika zaidi, hivyo wataalamu hupendelea ule wa shingoni upande wa kulia, ambako njia imenyooka.

Mgonjwa anaweza kukaa muda mrefu bila dalili. Tatizo hujitokeza akishatengenezewa fistula mkononi (si ile ya uzazi), yaani ateri na vena zikiunganishwa ili damu ipite kwa kasi inayoitosha mashine. Fistula nzuri hupitisha zaidi ya nusu lita kwa dakika. Wingi huo ukikuta kizuizi kifuani, huwa kama malori ya Njombe na Iringa yaliyofika njia panda ya Makambako na kukuta barabara ya Mbeya imefungwa: foleni hurudi nyuma na magari hutafuta vichochoro. Mkono huvimba, vimishipa vya bega na kifua hutokeza, na damu huchelewa kuacha kutoka sindano zinapoondolewa. Uso ukivimba, mgonjwa afikishwe hospitali haraka.

Katika tiba ya puto, daktari hutia ganzi, huingia kupitia fistula au mshipa wa kwenye kinena, kisha hupitisha waya mwembamba hadi ng'ambo ya palipobana, akiongozwa na picha za eksirei. Puto lililokunjwa hufuata waya huo, hujazwa kwa shinikizo kubwa kwa dakika moja au mbili, kisha hutolewa. Mgonjwa huwa macho, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tiba hii ina asili katika kazi ya Charles Dotter, aliyepanua ateri ya mguu huko Portland, Marekani, mwaka 1964, na ya Andreas Grüntzig, aliyeanza kutumia puto mjini Zürich mwaka 1974.

Mgonjwa anastahili kuelezwa wazi kwamba puto haliondoi tatizo moja kwa moja. Vena hunywea tena, kovu hurudi, na wengi huhitaji kupanuliwa upya ndani ya mwaka. Mshipa unaoziba upesi huweza kuwekewa stenti (kibomba cha wavu kinachouweka wazi), ingawa nayo huweza kuziba.

Kwa mkazi wa Makambako, marudio hayo ni mzigo mkubwa. Hospitali ya Muhimbili, ambako mafunzo ya radiolojia tiba, yaani fani inayofanya tiba kama hii, yalianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale, iko umbali wa zaidi ya kilomita 600 kutoka kwake. Kwa hiyo kinga ina uzito wa pekee hapa: fistula itengenezwe kabla figo hazijashindwa kabisa, kwa kuwa huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kukomaa, mkono uliotengwa kwa ajili yake usichomwe dripu wala kupimwa presha, na mpira utolewe mara fistula inapoanza kutumika vizuri.